Flashi ya Bibi Konsolata

Tangu nilipohama Tabora nimerudi mara tatu tu, na mara zote tatu ni msiba ulioniita. Safari ya mwisho ilikuwa arobaini ya Mzee Seif, mtu aliyeniajiri nikiwa na miaka ishirini na minne katika duka lake la steshenari, hatua chache kutoka soko kuu. Nilikaa jamvini na wanawake, nikala pilau kwa mkono, nikasikiliza wakibishana kwa sauti za chini kama marehemu alikuwa mkali au mnyoofu tu. Dua ilipokwisha, mkewe Bi Mgeni akanishika mkono akaniingiza chumbani, akafungua kabati na kunipa bahasha ya kaki. "Alisema Kabula akija apewe," akaniambia. "Hakusema kuna nini, na mimi sikuifungua. Unamjua mwenyewe alivyokuwa." Niliifungua nimesimama pale pale. Ndani mlikuwa na picha ya rangi: juu anga, chini ya anga ukingo wa bati, chini ya bati kitambaa cha kichwani chenye maua mekundu, kisha paji la uso la mwanamke. Kuanzia kwenye nyusi kwenda chini hapakuwa na kitu, kijivu kitupu mpaka mwisho wa karatasi. Tulizichapa mbili, miaka kumi na saba iliyopita. Moja niliipeleka Ulyankulu kwa mkono wangu. Hii ya pili nilidhani aliitupa.

Nimeandika sura nyingine za maisha yangu bila taabu kubwa. Hii nimeikimbia. Kila nilipofika kwenye mwaka ule niliandika mistari miwili, kwamba nilifanya kazi Tabora na huko ndiko nilikojifunza kompyuta, halafu nikaruka. Ni kweli nilijifunza. Leo ninaishi Dodoma, na watu huniletea mashine zilizokufa na faili zilizopotea, wanazipata na kunishukuru mpaka naona haya. Wakiniuliza nilianzia wapi, nasema Tabora, nabadilisha mazungumzo.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dari ya ubao iliyopinda kwa mvua. Mbele palikuwa na kaunta ya kioo, madaftari na kalamu. Nyuma, mashine ya fotokopi iliyopasha chumba kizima joto, printa, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma cha Bi Mgeni, utadhani redio ya sebuleni. Saa nne Bi Mgeni alituletea chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga, tukala tukisikiliza wateja. Tulisikia mengi. Ukikaa steshenari unajua nani anaomba uhamisho, nani anaoa, nani amekufa, maana historia ya marehemu huja kuchapwa kabla kaburi halijachimbwa, na ndugu hubishana mbele yako ni watoto wangapi watajwe. Mzee Seif alikuwa na sheria moja. Babu zake walikuwa wapagazi wa misafara, waliobeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, na alipenda kutukumbusha. "Mji huu umekula kwa kubeba vya watu," alikuwa akisema. "Mpagazi hafungui mzigo. Anaukabidhi kama ulivyofungwa." Kwa hiyo faili za watu hatukuzisoma, na flashi zilizoachwa dukani zilikaa kwenye kopo la biskuti, kila moja imefungwa uzi na kikaratasi cha jina la mwenyewe.

Mimi nilikuwa na sheria yangu niliyokuja nayo kutoka Ziba, nayo kila mtu aliyelelewa na mama anaijua: chombo cha jirani hurudishwa kimeoshwa, na hakirudi kitupu. Akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli linarudi safi na karanga ndani, hata kama ni konzi moja. Sikuwahi kufikiri kwamba sheria hizi mbili zinaweza kugombana.

Kompyuta yetu ilitumia Windows ya kunakili, kutoka kwenye sidii iliyopita mikononi mwa watu wengi mpaka maandishi yake yakafutika. Antivirusi nayo ilikwisha muda wake zamani, ikawa inapiga kelele tu bila kung'ata. Flashi zilikuja kutoka kila pembe, na mwaka ule karibu kila moja ilikuja na virusi. Watu waliviita wadudu. "Flashi yangu imeingia wadudu," walisema, kama mtu anayesema habari za ghala lake, na wakaitibu hivyo hivyo. Mwalimu mmoja wa Ntalikwa alianika ya kwake juu ya bati siku nzima kabla ya kutuletea, akakasirika nilipocheka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mmoja. Ukifungua flashi unaziona folda zako zote na majina yake, lakini ukiibofya hata moja haifunguki, au inafunguka ikiwa tupu. Mimi nilikuwa na dawa moja: nafomati. Kila kitu kinafutika, flashi inakuwa nyeupe. Kisha, ili mtu asiondoke na chombo kitupu, namwekea nyimbo. Tulikuwa na kwaya nyingi kwenye kompyuta, za Kikatoliki na za Moraviani, na kaswida kwa waliotaka. Nilijaza mpaka ikatae. Wateja walifurahi. Mzee Seif aliona nikifanya hivyo wiki ya kwanza, akakunja uso.

Bibi Konsolata aliingia dukani asubuhi moja mwezi wa nne, ameteremka kwenye basi la Ulyankulu, matope yamemfika magotini, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mmoja wa wale waliokuja kutoka Burundi wakiwa wasichana mwaka wa sabini na mbili, wakazeeka hapa. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akafungua fundo la kanga taratibu, akatoa flashi ndogo nyeusi, akaiweka juu ya kioo cha kaunta na kiganja chake juu yake. Akanieleza bila haraka. Mtoto mgongoni aliitwa Furaha. Mama yake, Editha, binti pekee wa Bibi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliugua baada ya kujifungua, na alipoona haponi akamwomba mwalimu mwenzake amrekodi kwenye simu. Kwa jioni tatu alimwimbia mtoto nyimbo za kubembeleza za Kirundi, na akasema naye maneno ya kumwambia akiwa mkubwa. Alipozikwa, yule mwalimu akamwekea Bibi kila kitu kwenye flashi, pamoja na picha, na bahati nzuri, maana mwezi uliofuata simu ya mwalimu huyo iliibiwa stendi. Bibi alitaka picha moja ichapwe, na sauti ziingizwe kwenye kadi ya simu yake ndogo, amsikilizishe mtoto.

Niliichomeka. Folda zikaja mbili, "Editha picha" na "Editha sauti". Nikabofya, hazikufunguka. Nikabofya tena. Nikamwambia, "Ina wadudu, Bibi."

Hakushtuka. Alikuwa mkulima, wadudu anawajua. "Basi watoe wadudu," akasema, "uniachie mwanangu."

Maneno hayo nimeishi nayo. Niliiendesha antivirusi yetu ile kipofu, ikasaga dakika nyingi, ikatangaza kwamba imeondoa vitu vinne. Nilipofungua flashi sasa, hata zile folda mbili hazikuwapo. Tupu. Nikaangalia mara mbili, nikasema moyoni basi, vimekwisha kuliwa. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mtu mmoja alikuwa ananiuliza kwa sauti kama leo kuna kazi au kuna maombolezo. Sikumwita Mzee Seif, aliyemwona Bibi akiingia kisha akaenda uani kutawadha. Sikumwambia Bibi aiache mpaka kesho. Nilifomati, kama nilivyofomati nyingine zote, nikaijaza nyimbo za kwaya mpaka ikakataa, nikaifuta vumbi kwa upindo wa gauni. Ndipo nikamwambia.

"Wadudu wamekula, Bibi. Pole sana."

"Vyote?"

"Vyote. Ila nimekuwekea nyimbo za kwaya, usirudi mikono mitupu."

Alinitazama mpaka mtu wa foleni akaguna. Kisha akasema, "Asante, mwanangu," akaifunga flashi kwenye fundo la kanga, akamweka mtoto vizuri mgongoni na kutoka. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Nilijiona pia mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapoandika.

Haikupita wiki tatu, kompyuta yenyewe ikalala. Ilianza kwa kuwa nzito, kisha maandishi ya ajabu yakajaza skrini, kisha ikawa inajizima kabla haijamaliza kuamka. Mitihani ya shule, barua za watu, historia za marehemu wawili waliokuwa wanazikwa kesho yake, vyote vilikuwa ndani. Nilisikia mtu akimtukana Mzee Seif ndani ya duka lake, naye amesimama na mikono nyuma akisema "Samahani, ndugu yangu" bila kuinua sauti. Jioni ile hakula. Bi Mgeni alipakua wali na mchicha, sinia likarudi jikoni lilivyokuja.

Aliyetuokoa ni Fundi Maganga, Mmoraviani wa makamo aliyekarabati redio na sasa kompyuta, mtu wa maneno machache na mafua yasiyokwisha. Alikuja na sidii aliyoiandika kwa kalamu ya wino: Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Akaitia, na mashine iliyokuwa maiti ikawaka. Kila kitu cha ndani kilikuwa pale pale, mitihani, barua, marehemu. Mzee Seif aliinama mpaka miwani ikagusa kioo. "Na hii ni kiasi gani?" akauliza. Maganga akajibu ni ya bure. "Kitu cha bure kina mwenyewe," akasema Mzee Seif. "Mwenyewe ni nani?" "Wengi," akasema Maganga, akapiga chafya. "Wanaijenga watu wengi, Mzee, kama msaragambo. Na wadudu hawa hawaijui lugha yake." Mzee alikaa siku mbili akiitilia shaka, halafu akaniagiza mimi niisome. Nilinung'unika. Vitufe vilikaa kwingine, herufi za hati zilibadilika, kadi ya harusi ikatoka na majina yamepanda juu ya maua. Lakini iliamka kila asubuhi.

Siku ya nne au ya tano yule mwalimu wa Ntalikwa alirudi na flashi yake, ugonjwa ule ule. Maganga alikuwepo, anakunywa chai. Nikaichomeka tayari kuifomati, na mbele ya macho yangu nikaona folda zake zote, na kando ya kila moja kifaili kidogo chenye jina lile lile. Nikabofya folda, ikafunguka. Mitihani yake yote ilikuwa ndani, hakuna hata swali lililoliwa.

"Mbona zipo?" nikauliza.

"Zilikuwepo siku zote," akasema Maganga, anachovya muhogo kwenye chumvi. "Mdudu huyu hali. Anakificha chako, halafu anasimama mlangoni amevaa sura yake. Wewe ukimbofya, umembofya yeye. Windows inakubali kufichwa. Hii haifichwi, inaona vyote."

"Hata ukimwondoa mdudu, na flashi ikaonekana tupu?"

"Haiko tupu. Umeondoa kilichosimama mlangoni tu. Mwenye nyumba bado yumo ndani. Mpaka mtu afomati."

Chai iliniganda kinywani. Mzee Seif alikuwa kwenye kaunta, akageuka akanitazama, nikajua anamkumbuka yule mwanamke wa matope. Nikamwambia mbele ya Maganga kwamba niliifomati, sikuweza kungoja wateja waishe. Mzee hakufoka. Angefoka ningeshukuru. Alituma salamu Ulyankulu kwa kondakta wa basi, kwamba Bibi Konsolata ailete tena flashi, huenda kuna namna. Ilifika kesho yake kabla ya adhuhuri, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Bibi hakungoja kuuliza namna gani.

Maganga alikuwa na programu ya kufukua vilivyofutwa. Aliiwasha asubuhi, ikawa inahesabu mstari kwa mstari, na mimi nikikaa mbele yake bila kuchapa kazi ya mtu. Adhuhuri ilipita. Kilichotoka kilikuwa kwaya. Kwaya moja baada ya nyingine, nyimbo zangu mwenyewe, zikinirudia. Maganga akavua miwani. "Kufomati kwa haraka si kifo," akasema. "Ni kama kufuta jina kwenye mlango, vitu vya ndani vinabaki. Ingeachwa tupu, tungevipata vyote. Nani aliijaza hii?" Mwishoni kabisa ikatoka picha moja. Ilifunguka kutoka juu kushuka chini: anga, bati, kitambaa cha maua mekundu, paji la uso, nyusi. Ikasimama. Nafasi ya sehemu iliyobaki ilikuwa tayari imekaliwa na wimbo wa kwaya. Sauti hatukupata hata sekunde moja.

Mzee Seif akasema tuchape mbili. Kisha akaniambia maneno ambayo hakuyarudia tena: "Mzigo wa mtu umeufungua wewe. Nenda ukamwambie wewe. Mimi sitakusemea."

Nilienda Jumamosi. Nilibeba kikapu chenye sukari, sabuni na picha ndani ya bahasha. Nyumba ya Bibi Konsolata ilikuwa ya tofali za kuchoma, na sebule yake ilikuwa na viti viwili, rozari kwenye msumari, na kitanda kidogo cha kamba alichokuwa amelala Furaha. Akanikaribisha kama mkwe. Akapika ugali wa muhogo, maharage yenye mawese, akanitengea peke yangu kipande cha kuku, na nikala huku maneno sijayatoa. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga: si wadudu, Bibi, ni mimi. Nikampa picha. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya kile kitambaa.

"Hiki nilimfunga mimi," akasema. "Siku ile alikuwa hawezi kuinua mikono."

Kisha akanitazama, akangoja. Leo najua kwamba alikuwa anangoja. Siku ile nilidhani anaomboleza. Mtoto akaamka akalia, yeye akamwinua akamwimbia, akakosea maneno ya wimbo, akaanza upya. Nikasema, "Fundi amejitahidi, Bibi. Wadudu wale ni wabaya." Akaitikia kwa kichwa. Nilipoaga akachukua kikapu changu ndani, kikarudi na chupa ya asali ya miombo, imezibwa kwa gunzi. Nilimshukuru. Mungu anisamehe, nilimshukuru.

Mzee Seif aliuliza neno moja tu niliporudi. "Umesema?" Nikasema ndiyo. Akaitazama asali juu ya kaunta. Bi Mgeni aliionja, mimi niliionja, yeye hakuigusa. Kabla mwaka haujaisha nilipata kazi Dodoma kwa sababu ya Linux ile ile, nikaondoka, na kwaheri yake ilikuwa ya adabu kamili, kama anavyoagwa mteja.

Kwa hiyo baada ya arobaini sikupanda basi la Dodoma. Nilipanda la Ulyankulu na bahasha ya kaki mapajani. Nyumba ilikuwa ile ile, sasa ina mlango wa chuma. Aliyenifungulia alikuwa msichana mrefu, mkavu, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, maana anajifunza ushonaji. Sikuhitaji kuuliza jina. "Shikamoo, mama," akasema, akanipa kiti. Bibi yake amefariki miaka mitatu iliyopita. Kwenye ukuta, ndani ya fremu, ilikuwa nusu ya picha.

Safari hii sikungoja ugali. Nilimweleza hapo hapo: sauti ya mama yako ilikuwa nzima ndani ya flashi ile, haikuliwa na kitu, nilifuta mimi, na juu yake nikajaza nyimbo, na bibi yako nilimdanganya mara mbili. Furaha alinisikiliza mpaka mwisho akizungusha futi kidoleni.

"Bibi alijua," akasema.

"Nani alimwambia?"

"Hakuambiwa na mtu. Alisema mdudu akila mahindi huacha unga na makapi. Flashi ilirudi safi. Akasema hii imeoshwa, na kuosha ni kazi ya mkono wa mtu."

Nikauliza kwa nini basi hakunisema, hata siku ile niliyokula kuku wake.

"Alisema mwenye mkono atakuja mwenyewe."

Akainuka, akaingia ndani, nikasikia akisogeza vitu chini ya kitanda. Akarudi na chupa iliyozibwa kwa gunzi. "Kila mavuno alikuwekea moja," akasema. "Mwaka ukiisha hujaja, tunaila, anaweka nyingine. Hii ni ya mwisho. Mimi sikuila." Hakuwa na hasira usoni, wala hakuwa na msamaha, alikuwa anakabidhi kitu alichoachiwa. Niliipokea kwa mikono miwili. Asali ilikuwa imeganda mpaka shingoni mwa chupa.